Nani Anakaa Avenue Muvule

Jumatatu, 20 Mei

Mvua imekwisha, nadhani. Wiki nzima halijaanguka tone. Lakini ziwa bado limo barabarani; limefika kizingiti cha Mama Alliance, na nyumba tisa zilizo chini yake zina maji hadi madirishani. Vyura wanapiga kelele katika sebule za watu waliokuwa wakinikaribisha chai.

Chef Nyandwi, mkubwa wa avenue yetu, alinijia kabla sijanywa uji.

"Mama Achille, projet moja inakuja. Inasaidia fasi zenye zilianguka. Banaomba liste ya batu benye banaikala huku. Weye njo uko na mwandiko ya muzuri."

Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne hapa Kasenga, mjini Uvira, na tangu nistaafu mimi ndiye katibu wa avenue, kazi ya sifa tupu. Nilikubali upesi. Nisipoandika mimi ataandika yeye, na mwandiko wa chef hata yeye mwenyewe hausomi.

Jumatano, 22 Mei

Nimeanza juu, karibu na barabara kubwa, nikashuka nyumba kwa nyumba kuelekea ziwani. Nauliza swali moja tu: nani anakaa hapa? Kina mama wanataja, kuanzia mkubwa hadi mdogo, kama walivyozaliwa. Karibu wote niliwafundisha. Huyu alilia kila siku ya hesabu, yule alikula chaki zangu. Nikiandika jina moja, nazikumbuka na adhabu zake.

Nilipofika kwenye banda la ushirika wa maseremala nikasimama kidogo. Ile mashine kubwa ya randa bado imo, imeliwa na kutu mpaka meno. Enzi zile ilianza kuimba saa moja asubuhi, na mume wangu Anastase, Mungu amrehemu, aliijua kwa sauti. Akiwa mezani na kikombe mkononi angesema, "Leo wanaranda mninga," na kweli ungekuwa mninga. Maharusi wa Uvira nzima walilalia vitanda vya Avenue Muvule. Madawati ya shule za uwanda wa Ruzizi, Kiliba, Sange, hadi Luvungi, yalitoka hapa. Jioni watoto waliteleza kwenye vilima vya unga wa mbao, wakirudi nyumbani nywele zao za njano na mama zao wakiwafukuza na ufagio. Nilikuwa nikilalamika kwamba unga ule unaingia kwenye mchele. Leo ningeula huo mchele bila kuuchagua.

Halafu ziwa likapanda, nguzo ya umeme ikaanguka, mashine ikanyamaza.

Mama Alliance, yaani Pélagie, rafiki yangu tangu ubatizo, ametaja wanne. Alliance amesafiri Lubumbashi lakini ni wa hapa. Angekuwa wa wapi tena? Kwangu nimeandika wawili: Geneviève, ambaye ni mimi, na Achille. Wapangaji sikuwaandika. Hao ni watu wa kupita.

Alhamisi, 30 Mei

Vumbi. Nimefua mara mbili kitu kilekile.

Jumapili, 2 Juni

Baada ya ibada tulikutana na mtu wa mradi kwenye uwanja wa kanisa. Anaitwa Olga, ametoka Bukavu, msichana mwembamba mwenye adabu, anaandika kwa mkono wa kushoto. Alisalimu wazee kwanza, nikampa alama zake.

Akaeleza kwamba msaada una njia mbili, na avenue haiwezi kupata zote. Njia ya kwanza ni kusaidia mahali: kurudisha umeme, kuinua barabara kwa mawe, kujenga atelier, yaani karakana, yenye mashine mpya mahali maji hayafiki. Njia ya pili ni kusaidia watu: kila mkaaji mzima apate vifaa vya kazi yake na tiketi ya kwenda kuanzia maisha popote anapotaka, Kalemie, Bukavu, hata Kinshasa.

"Nani anachagua?" akauliza Pélagie.

"Hesabu, mama. Kwenye kunabaki batu mia tatu na zaidi, tunajenga. Kwenye bako chini ya mia tatu, tunasaidia mutu mwenyewe. Hatuwezi kujenga fasi yenye batu bameshaiacha."

Chef akasimama kwa mbwembwe na orodha yangu. Watu mia nne kumi na wawili. Tulipiga makofi mpaka kunguru wakaruka. Mimi nililia kidogo, sioni haya kuandika. Niliisikia ile mashine.

Jumatano, 5 Juni

Pitchou, fundi kijana wa nyumba ya tatu, hakupiga makofi Jumapili. Leo amekuja kuninolea kisu, nikamuuliza.

"Mama mwalimu, avenue haina tumbo. Minye njo niko na tumbo. Banijengee barabara, nitaikula?"

"Na ukienda Kalemie na musumeno yako, utapasua mbao ku mashine ya nani?"

"Ya benye beko nayo. Kule bateja beko. Huku tunauziana sisi kwa sisi, minye nauzisha kiti kwa weye, weye unaniuzia mandazi."

Nilimwambia kwamba baba yake na Anastase walianza na nyundo moja. Akasema hiyo hadithi ameisikia tangu yuko darasa la pili, na aliyekuwa akiisimulia ni mimi. Nikacheka kwa hasira. Huyu ndiye aliyekula chaki.

Jumanne, 11 Juni

Maji yameshuka ngazi moja kwa Pélagie.

Jumapili, 16 Juni

Achille amepiga simu kutoka Lubumbashi. Anasema kazi iko, afya iko, hajaoa bado, bado anatazama. Nikamweleza mradi. Nikamwambia umeme ukirudi fundi hana sababu ya kukaa mbali, na chumba chake kiko vilevile alivyokiacha. Akasema, "Ndiyo, mama." Kila mara anasema ndiyo mama.

Chumba hakiko vilevile. Humo analala Mukamurenzi na watoto wake wanne, mwaka wa sita sasa, tangu walipoteremka kutoka milima ya Hauts-Plateaux wakati wa vita vya huko. Kodi yake ndiyo inayonilisha. Lakini mtu atamwambiaje mwanawe jambo hilo kwenye simu?

Jumapili, 30 Juni

Sikukuu ya uhuru. Zamani siku hii mafundi wetu waliandamana mbele ya watu wote, kila mmoja na chombo chake begani kimeng'arishwa kwa mafuta ya mawese. Anastase alibeba randa. Mimi nilipita na shule yangu nyuma yao, na nilikuwa najikaza nisimtazame mume wangu mbele ya wanafunzi. Leo wamepita watu wa avenue nyingine. Tulisimama kando na Pélagie, tukala karanga.

Milima ya ng'ambo, ya Burundi, haionekani tena kwa moshi wa majani yanayochomwa.

Jumatatu, 8 Julai

Balaa.

Olga amerudi bila kutuarifu, na kwa mkono wake wa kushoto ameshika orodha yangu. Akachagua nyumba kumi na kuziingia. Kwa Pélagie akasoma, "Alliance."

"Amesafiri," akasema Pélagie.

"Tangu lini, mama?"

"Ah, si zamani."

"Tangu lini?"

"Miaka saba."

Nyumba ya pili, amesafiri, miaka mitano. Nyumba ya tano, watatu wamesafiri, na mmoja wao ana watoto Ndola, Zambia. Olga hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alikuja kukaa kwangu barazani, akaomba maji, akaniuliza, "Mama mwalimu, niliomba benye banaikala huku. Ulisikia nini?"

Kwetu mtu hahami. Anasafiri. Mama yake hatoi sahani yake kabatini, na ukimuuliza ana watoto wangapi nyumbani atakuhesabia na hao. Sikudanganya. Niliandika ninavyojua mimi, na wao walitaja wanavyojua wao, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeona ajabu. Nilimwambia hivyo. Akatikisa kichwa, akasema mama yake pale Bukavu angefanya vilevile.

Kisha akatoa sharti. Jumatatu tarehe 29 atapita. Kila aliyeandikwa asimame kwenye mlango wa nyumba anayolala. Likibaki jina la uongo hata moja, avenue inaondolewa kwenye njia zote mbili. Nina wiki tatu za kusahihisha.

Jumanne, 9 Julai

Chef ana mpango. Anataka tuazime watu wa mtaa wa Kimanga, wasimame milangoni petu siku hiyo na kuitika majina ya waliosafiri. Anao shemeji wengi kule.

"Na Alliance atakuwa nani?" nikauliza.

"Tutapata musichana wa urefu wake."

Kina mama watatu walikuwa wameanza kuchagua. Mmoja alisema yeye anataka mtoto mwenye adabu kuliko wake. Tulicheka wote, mimi pia. Lakini miaka thelathini na minne nimewachapa watoto walioitika "présent" kwa niaba ya rafiki aliye mtoni anaogelea. Nikamwambia chef kwamba orodha ina sahihi yangu, na sahihi hiyo haitawasimamia watu wa Kimanga.

Ijumaa, 12 Julai

Nimepita na kalamu nyekundu siku mbili. Sijawahi kuichukia kalamu nyekundu kama leo.

Mzee mmoja wa nyumba ya kumi alinishika mkono kabla sijaandika, akasoma jina la mwanawe kwa sauti, akaniachia. Mwingine aliniambia niwafute wote kwa mara moja, yeye aingie ndani asione.

Kwa Pélagie nilikaa sana. Alinipa ndizi, akazungumza habari za ndizi.

"Geneviève, futa kila mutu. Alliance umuache. Mutu mumoja tu, nani atajua?"

"Olga atajua. Ameshauliza."

"Weye umefuta Achille?"

Nikainamia orodha.

"Unaona!" akasema. "Minye unanifutia wangu, na weye unamuficha wako."

Nikamfuta Alliance mbele yake. Alisimama, akaokota ndizi zake, hata ile niliyokuwa nimeanza kumenya, akaingia ndani. Miaka hamsini ya urafiki, na hajawahi kuniita kwa jina la ubatizo ila anapokuwa na hasira.

Waliobaki ni mia mbili thelathini na watatu, ukimhesabu Achille.

Jumamosi, 13 Julai

Sikutoka. Maji yameacha mlango wa Pélagie. Nimeyaona kwa mbali, sikuenda kumpongeza.

Jumapili, 14 Julai

Niandike polepole, maana leo nimejiona mjinga na si mara nyingi.

Nilikuwa uani na orodha magotini baada ya ibada. Mukamurenzi alirudi kutoka kusali kanisani kwao, akaanza kuwasha moto. Ni mwanamke mrefu, mtulivu, anauza maziwa ya mtindi sokoni. Binti yake mkubwa, Teta, alichungulia karatasi begani kwangu, kisha akasema kitu kwa lugha yao, na mama yake akageuka.

"Mama, ku hii nyumba mumeandika nani?"

"Mimi na Achille."

"Mama Achille nakujua. Achille mwenyewe ni nani?"

Nikamtazama nikidhani ananitania. Kisha nikakumbuka kwamba hajawahi kumwona.

"Ni mutoto wangu."

"Anaikala wapi?"

Na mimi, mwalimu mzima, nikajibu: "Mu chumba yenye weye uko unalala."

Teta akacheka, mama yake akamkemea. Yeye hakucheka. Alipuliza moto mpaka ukashika, akafuta macho, ndipo akasema, "Miaka sita, mama."

Nikaona aibu mpaka masikioni. Huyu ndiye aliyenikanda mguu nilipoanguka mwaka jana. Ua unaoizunguka nyumba yangu ameusuka yeye. Maji ninayokunywa yanatekwa na watoto wake. Kwenye karatasi yangu hayupo, na yupo mwanamume ambaye kwa miaka tisa hajafungua mlango huu.

Nikamweleza njia mbili za Olga. Nilidhani atataka ya pili, tiketi na vifaa. Akatikisa kichwa.

"Sisi tulishapewa bintu mara tatu. Masufuria, bâche ya kuezekea, jembe. Kila mara tukakimbia, bintu bikabaki mu njia. Minye ningependa Teta amalize masomo ku shule moja, basi."

"Basi nitawaandika."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. "Liste tunaijua, mama. Kule juu, mutu akianza kuandika majina yenu, munafunga mizigo. Uniache nifikiri."

Sikuwa nimewaza hata mara moja kwamba karatasi yangu, ambayo sisi tulikuwa tukigombania kuingia, kuna mtu anaiogopa.

Jumamosi, 20 Julai

Wiki nzima ni mabishano. Nimepita tena nyumba zote, safari hii nauliza swali jingine: nani alilala hapa jana? Nimekuta wapangaji katika nyumba kumi na tisa. Wengi wameteremka kutoka milimani kama Mukamurenzi, wengine walikimbia kutoka uwandani, na yuko mjane mmoja wa Kilibula ambaye nyumba yake ilichukuliwa na maji. Wote pamoja, na wa kwangu, ni sabini na sita.

Wenye nyumba hawataki. Mmoja anaogopa mpangaji akiandikwa atadai kiwanja. Mwingine aliniambia wazi, "Bale si batu ba huku," na mke wake akaitikia huku mtoto wa hao wapangaji akimmiminia maji. Nikamwambia: nilikuja na orodha ya watu wa huku, na hawakuonekana. Sasa nataka watu walioko. Nilisema kwa sauti ya darasani. Hata mimi niliogopa sauti hiyo.

Chef alikataa kutia sahihi asubuhi, akakataa mchana. Jioni akaja mwenyewe.

"Mama Achille, hiyi mambo itatuletea maneno."

"Maneno tunayo tayari, chef. Umeme ndio hatuna."

Akatia sahihi, akasema ikiharibika atasema nilimlazimisha. Nikamwambia aseme.

Mukamurenzi amekubali, pamoja na wenzake. Sharti lake ni moja: awe ameandikwa kwenye nyumba, si kwenye ukurasa wa peke yao. Nilikuwa tayari nimeshachora mstari wa ukurasa huo. Nimeuchana.

Jumatano, 24 Julai

Pélagie amepita bila salamu. Kanga yake mpya imempendeza, na hakuna aliyemwambia.

Jumapili, 28 Julai

Limebaki jina moja. Nimefuta watoto wa avenue nzima, na huyu nimemzunguka wiki mbili. Nilijiambia labda atafika ghafla. Nilijiambia yeye ni tofauti kwa sababu anapiga simu. Nilijiambia mengi. Kila mama niliyemfutia alikuwa na mengi kama hayo, na sikumpa nafasi ya kuyamaliza.

Baada ya chakula cha mchana nimemfuta. Jina lake ni refu kuliko nilivyodhani ukilipitishia mstari. Katika nafasi iliyobaki nimeandika: Mukamurenzi, Teta, na wale wadogo watatu. Nimelia, nimeosha vyombo.

Jumla yetu ni mia tatu na wanane.

Jumatatu, 29 Julai

Olga alifika saa tatu. Jua lilikuwa limefunikwa na vumbi, na upepo wa kusini ulipiga mabati. Nilitembea pamoja naye, yeye anasoma, mimi nanyoosha kidole.

Juu kulikwenda vizuri. Watu walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Katika nyumba ya tatu Pitchou alisimama mlangoni na mkewe na mtoto, mikono kifuani. Nilipumua. Bila yeye na wenzake wanaotaka tiketi tusingefika, na alijua.

"Nimesimama kwa sababu niko huku," akamwambia Olga. "Sikusema nitabaki."

"Sijauliza kama utabaki, papa," akasema Olga, akaweka alama.

Kuanzia nyumba ya ishirini, milango ya wapangaji ilikuwa imefungwa. Mwenye nyumba amesimama peke yake, na nyuma yake mlango mdogo wa uani umefungwa na unajua kuna watu ndani, maana unasikia mtoto akinyamazishwa. Walikuwa wamemwona askari mmoja barabarani, aliyekuja tu kununua mkate. Olga aliita majina mara moja, mara ya pili. Hakuna aliyeitika. Akaniambia kwa upole, "Mama, nisipoona mutu siandiki." Tulikuwa sabini chini ya mia tatu, na nyumba zilikuwa zinaisha.

Nilisimama katikati ya barabara sijui nifanye nini. Nilitaka kupiga kelele ya darasani, lakini mtu aliyejificha kwa hofu humwiti hivyo.

Ndipo Pélagie alipotoka kwake. Ana wapangaji sita, mume na mke na watoto, wa milimani. Alikwenda uani, akagonga, akasema maneno ambayo sikuyasikia. Akarudi amemshika mkono yule mama, na yule mama amemshika mtoto, na mtoto amemshika mwenzake, mpaka mlangoni. Pélagie akasimama katikati yao amekunja uso.

"Soma," akamwambia Olga. "Beko hapa. Na minye niko hapa. Kama kuna mutu anataka kubauliza kitu, aniulize."

Olga akasoma. Wakaitika. Sauti ya yule mama ilikuwa ndogo sana, ikabidi arudie.

Nyuma yetu nikasikia makomeo yakifunguliwa. Mukamurenzi alikuwa amesimama kwangu mlangoni, watoto wote wanne mbele yake wamechanwa nywele, anawaita wenzake kwa lugha yao. Walitoka mmoja mmoja. Wengine walisimama nusu ndani nusu nje. Tulirudi juu kuanzia nyumba ya ishirini, tukazipita zote upya.

Kwangu Olga alisoma jina langu, kisha la Mukamurenzi na ya watoto. Alipofika mwisho akageuza karatasi kuona kama kuna nyuma. Hakukuwa na nyuma.

Watano hawakutoka kabisa; Olga aliwasikia ndani, hivyo hakuwaita wa uongo, ila hakuwahesabu. Hesabu ni mia tatu na watatu. Olga ameandika "Njia ya kwanza", akanipa kalamu nitie sahihi, nami nikaandika polepole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Pélagie alikuwa bado amesimama. Nikamwambia kanga imempendeza. Akasema anajua.

Alhamisi, 1 Agosti

Sikukuu ya wazazi. Asubuhi tulikwenda makaburini na Pélagie, tukang'oa majani kwa Anastase, tukamweleza habari za umeme. Mchana simu za watoto zikaanza kulia avenue nzima. Unazisikia kutoka nyumba hadi nyumba.

Ya Achille ililia saa nane.

"Bonne fête, mama. Pitchou aliniambia ulinifuta."

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza vizuri, kuanzia mwanzo. Nikasema tu, "Nilikufuta."

Akauliza, "Na mu chumba yangu ni nani?"

"Mama moja wa Hauts-Plateaux na batoto yake. Miaka sita."

"Miaka sita! Na weye kila mara unaniambia iko vile niliiacha."

"Nilisema vile kusudi urudi."

Nilingoja akasirike. Nilisikia mlango ukifungwa upande wake, kisha sauti yake ikawa karibu, ya mtoto wangu kabisa.

"Mama, na minye nilikuficha kitu. Huku nilinunua kiwanja. Nimejenga. Tuko batatu."

"Batatu nani?"

"Minye na muke wangu. Na mutoto. Niliogopa kukuambia, sababu ulikuwa unaningojea."

"Mutoto gani?"

"Wa binti. Ana mwaka na nusu. Jina lake ni Geneviève. Huku batu bananiita Baba Geneviève."

Nilikaa kwenye ngazi. Nilikuwa na hasira, na furaha, na sikujua ipi ianze. Mwaka na nusu! Mukamurenzi alitoka na sufuria, akaniona, akaiweka chini.

"Umuwekee simu ku sikio," nikamwambia Achille.

Akamwekea. Nikamsikia anapumua. Mtu wa mwaka na nusu huna la kumwambia, hata kama mlipewa jina moja. Basi nikamtajia watu wa avenue, kuanzia juu, nyumba kwa nyumba, hawa wanaolala hapa. Nikamtajia Pitchou. Nikamtajia Pélagie na wapangaji wake sita. Nilipofika kwetu nikamtajia Mukamurenzi, na Teta, na wale watatu, na mimi.